Mvua Isiyozinduliwa

Nchi yetu haina njaa. Naanza na hilo ili wasiotutakia mema wakate tamaa mapema na kuacha kusoma. Jina la nchi yenyewe sitalitaja, si kwa woga bali kwa utii: lilibadilishwa, na jina jipya linamsubiri mgeni rasmi aje kulizindua. La zamani limefutwa, jipya halijaanza, kwa hiyo kwa sasa tunaishi tu hapa, na tunapapenda hivyo hivyo.

Kwetu hakuna kitu kinachoanza kabla ya kuzinduliwa. Kisima cha kijiji chetu cha Subirini kilichimbwa zamani, na ukiinama unayaona maji yake. Hatuyanywi. Kimezungushiwa utepe, na utepe unamngoja mtu mwenye mkasi. Akina mama wanakipita na ndoo zao wakielekea mtoni. Zahanati nayo ina kitanda na mlango, ina hata mganga, ila mganga anakaa nje chini ya ukingo wa bati kwa sababu naye bado hajazinduliwa. Mimi ndiye balozi wa nyumba kumi hapo kijijini, yaani serikali inapofika mwisho kabisa, mwisho huo ni mimi. Nikiulizwa mbona mambo yamekaa hivyo, hujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Watu hunisonya, nami huchukulia kwamba wamenielewa.

Zamani hata mvua ilikuwa ikinyesha ovyo. Mwaka mmoja kiongozi mmoja alikuwa jukwaani akitueleza kwamba ukame ni kazi ya Mungu na hakuna wa kulaumiwa, mara mvua kubwa ikamshukia bila taarifa, ikalowesha hotuba, wino ukachuruzika hadi kwenye mkono wa koti, na watu wakacheka. Haikupita muda ikaundwa Wizara ya Mvua, Umande na Ukungu. Bunge letu, ambalo halina tabia mbaya ya kukataa mambo, likapitisha Sheria ya Nidhamu ya Mvua. Ni sheria fupi. Mvua isiyozinduliwa si mvua, na hakuna mwananchi atakayefukia mbegu ardhini kabla mgeni rasmi hajafukia ya kwanza.

*

Mwaka ninaousimulia, masika yaliwahi. Mawingu yalijikusanya upande wa milimani, upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa, na kabla sijamaliza kuanua nguo mvua ilikuwa imeshafika uani.

Wa kwanza kupiga hodi alikuwa Bi Sikudhani. Huyu ni jirani yangu, mjane wa rafiki yangu marehemu Mahundi, na analea wajukuu wawili. Mbegu yake huichagua mwenyewe shambani, huyafunga mahindi mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika kwenye uchaga, ile dari ya fito juu ya jiko, ili moshi uyafukize na wadudu wasiyasogelee. Yanakuwa meusi kwa masizi kama sufuria ya msibani, lakini sijawahi kuona punje yake ikikataa kuota.

"Balozi, mvua ndiyo hii," alisema akiwa mlangoni, maji yakimtiririka usoni. "Nipe ruhusa nikapande."

"Shemeji, ruhusa ningekuwa nayo ningekupa. Tumngoje mgeni rasmi."

"Na mvua nayo inamngoja?"

Nilimwambia twende wilayani tukaulize. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mlekwa, alitupokea vizuri, akatupa viti na kutueleza kwamba Mheshimiwa Waziri Lukumbi yuko ng'ambo, katika nchi ya baridi, kwenye mkutano wa dunia wa kupambana na ukame.

"Waziri anapambana na ukame kule," alisema kwa uchungu, "halafu ninyi mnataka aache, aje kupambana na mvua huku?"

"Mheshimiwa, hatutaki apambane nayo," alisema Bi Sikudhani. "Tunataka tupande."

"Mama, mvua ivute subira. Sisi wote tunavuta subira, yenyewe ina nini?"

Siku hiyo hiyo zikaanza maandalizi. Shamba lililoteuliwa kwa uzinduzi lilikuwa la Bi Sikudhani, kwa sababu liko kando ya barabara na magari yanafika. Ikaonekana kwamba mvua inaweza kulichafua. Mgambo wakaleta maturubai, wakalifunika shamba lote kutoka mpaka hadi mpaka, wakachimba na mtaro pembeni. Maji yote ya mbinguni yaliyokusudiwa shamba lile yalipita juu ya turubai, yakaingia mtaroni, yakaenda zake mtoni. Bi Sikudhani alisimama akiyaangalia, mikono kiunoni. Mimi nilisema kwamba kazi imefanyika kwa ustadi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine. Wenzetu wale hawana wizara ya mvua. Tuliwaona wametapakaa mashambani na majembe yao, wakipanda bila utaratibu wowote, na nyimbo zao zilitufikia. Tuliwahurumia sana.

*

Waziri alikuja jua likiwa limeshaukausha hata mtaro. Maturubai yalifunuliwa, na shamba lilikuwa safi, kavu, vumbi tupu. Kulikuwa na mahema, bendi ya tarumbeta, na zulia jekundu hadi pale pa kupandia. Waziri alikuwa amefuatana na mgeni kutoka ile nchi ya baridi, mkulima wa viazi aitwaye Jorgeni, aliyeletwa kuja kujifunza kwetu.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri, mkono mmoja ukiwa juu. "Kuanzia dakika hii, mvua imeanza rasmi kunyesha!"

Tuliangalia juu. Hakukuwa na wingu hata la kusingizia. Tukapiga makofi. Alipewa jembe lililopakwa rangi za bendera, akachimba, akadondosha punje moja, kisha msaidizi akafungua maji ya chupa na kuimwagia. Tarumbeta zikalia. Hiyo punje moja ndiyo mbegu pekee iliyopata maji katika kijiji cha Subirini msimu ule.

Wakati wa soda Jorgeni alikuja kukaa na sisi wakulima, pamoja na mkalimani wake. Alitueleza kwamba mwaka uliopita kwao ilinyesha mvua ya mawe ikavuruga viazi vyote. Wakulima wakapanda matrekta yao, wakaifunga barabara kuu, wakaenda kumwaga maziwa mbele ya mlango wa wizara. Bima ikawalipa, waziri wao akaomba radhi hadharani, na bado walirudi nyumbani na hasira.

"Walimwaga maziwa?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Ndiyo."

"Haya haya ya kunywa?"

"Ndiyo, mama."

Bi Sikudhani alifikiri kidogo. "Basi mwulize, mtu akishakuwa na maziwa ya kumwaga, hiyo hasira yake ni ya nini?"

Jorgeni alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliinama, akachota udongo, akauacha upite katikati ya vidole, akauliza jambo refu huku akionyesha mto na ile kijani ya ng'ambo. Mkalimani alimwangalia Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Mgeni anasema mna mavazi mazuri," alitafsiri.

"Mwambie ahsante," alisema Bi Sikudhani. "Na yamekauka vizuri."

Kabla ya kuondoka, Waziri alitoa amri: kwa kuwa mvua imeanza, kila kaya iwe imepanda kabla jua halijazama, na atakayekaidi atahesabiwa kuwa anapinga masika. Wengi wakapanda. Wakafukia mbegu zao kwenye vumbi la moto wakiwa wanajua wanachokifanya, na sijui kama kuna uchungu unaouzidi huo, kuizika mbegu nzima kwa mkono wako mwenyewe huku bendi ikipiga. Niliona mwanamume mmoja akiomba dua juu ya kila shimo, ile ya maiti.

Jioni nilizunguka na mgambo Lugome kukagua. Shambani kwa Bi Sikudhani mashimo yalikuwa yamefukiwa kwa mistari iliyonyooka. Lugome alikanyaga moja kwa kiatu chake.

"Hapa pamepandwa kweli kweli," alisema. "Pagumu."

Kwenye shimo lililofuata niliona kokoto limechomoza. Nililisukumia udongo kwa mguu. Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani ni aina mpya ya mbegu.

*

Kilichotokea baadaye hakihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kulima. Mbegu za watu ziliungua ardhini, na zilizobaki kanga walizifukua. Kufikia kiangazi tulikuwa tunachimba viazi mwitu porini na kuvichemsha mara mbili kuondoa sumu. Niliongoza ujumbe kwenda tena wilayani kuomba chakula cha msaada, ambacho kilikuwepo, tulikuwa tunaliona ghala lenyewe.

"Chakula cha msaada ni cha njaa," alisema Mheshimiwa Mlekwa, "na njaa haijazinduliwa. Ratiba ya Waziri imejaa. Kwa sasa, ndugu zangu, mlichonacho ni hamu ya kula."

Tulimshukuru kwa ufafanuzi. Njiani watu walianza kusema maneno ambayo balozi hapaswi kuyasikia, nikatangulia mbele ili nisiyasikie, ingawa na mimi tumbo lilikuwa na maneno yake.

Katika Subirini nzima mbegu ilikuwa imebaki sehemu moja tu, kwenye uchaga wa Bi Sikudhani. Wajukuu wake walikuwa wakila viazi mwitu chini ya mahindi yale, macho juu.

"Bibi, na yale?" aliuliza mdogo, siku nilipokuwa nimeketi hapo jikoni.

"Yale si chakula," alisema Bi Sikudhani. "Yale ni mwakani."

"Mwakani mbali, bibi."

"Najua, mama. Meza mate ulale."

Alisema bila kumwangalia, akaendelea kuchochea moto. Usimwone mtu hana kilio ukadhani hana msiba. Watu wa nyumba kumi walikuwa wameshakubaliana naye: vuli ikigonga tone la kwanza, kila kaya itapewa viganja viwili vya punje, na watapanda, sheria iko, sheria haiko. Mimi kwenye makubaliano hayo sikuwepo. Nilikuwa nimekaa katikati yao, lakini nilikuwa naangalia pembeni.

*

Sasa, kitu kilichopandwa rasmi lazima kivunwe rasmi. Uzinduzi wa Mavuno uliahirishwa na kuahirishwa mpaka ukafika mlangoni mwa vuli. Mheshimiwa Mlekwa alipokuja kuliona shamba na kukuta hakuna hata jani, alikaa chini pale pale. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiogopa vile.

Lakini uongozi ni kutafuta njia. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa na mahindi ya bondeni, bado kijani, wameshayavuna machanga na kuyauza ya kuchoma. Fungu la kusafirisha chakula cha msaada likatumika kununua mabua. Yalivushwa kwa mitumbwi, na sisi wenyewe tukayachomeka shambani kwa Bi Sikudhani, mstari kwa mstari. Wavushaji walitutazama tukifanya kazi hiyo.

"Jamani," aliuliza mmoja, "hivi mnacheza?"

"Tunavuna," nilimjibu, kwa kuwa swali lilielekezwa kwa serikali.

Mabua yakasimama, kijani inapendeza, ila hayakuwa na mahindi. Na wilaya nzima mahindi yasiyopukuchuliwa yalikuwa kwenye uchaga mmoja. Nani alimwambia Mheshimiwa sijui. Mwenye njaa ya kutosha huweza kusema lolote, na siwezi kumlaumu.

Alikuja mwenyewe, na Lugome nyuma yake. Bi Sikudhani alisimama mlangoni mwa jiko, akashika miimo yote miwili.

"Mheshimiwa, hii ni mbegu."

"Mama, ni ya kuazima tu. Waziri akishaangalia, unarudishiwa."

"Ikipotea hii, hapa kijijini hakuna mwaka mwingine."

"Mama, mimi nimesema unarudishiwa. Au neno langu hulitaki?"

Bi Sikudhani alinitazama mimi. Nilikuwa balozi, nikaangalia viatu vya Mheshimiwa. Mikono ya mama yule ikashuka kwenye miimo polepole, Lugome akapanda kwenye kigoda na kuanza kutungua.

*

Mahindi yakafungwa kwenye mabua kwa kamba za katani. Siku ya uzinduzi Waziri Lukumbi aliingia shambani na wapiga picha, akakata la kwanza, akalimenya, akakuta punje ngumu, kavu, nyeusi. Akanusa.

"Yananuka moshi," alisema.

Mheshimiwa Mlekwa alikuwa ameshajisogeza nyuma ya wapiga picha. Lakini Waziri hakufika pale alipo bure.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Hii ndiyo sayansi! Wizara yangu imepata mahindi yanayojikausha na kujifukiza moshi yakiwa yamesimama shambani!"

Makofi yakapigwa, ya mgambo. Waziri akatangaza kwamba kwa mavuno haya nchi ina ziada, kwa hiyo chakula kilichomo ghalani kipelekwe kama zawadi kwa ndugu zetu maskini wa ng'ambo ya mto. Na mahindi haya ya ajabu, yote, yaingizwe kwenye gari lake, yaende makao makuu wakubwa wakayaone.

"Mheshimiwa!" Bi Sikudhani alipaza sauti. "Hayo nimeazimisha!"

Bendi ikapewa ishara. Niliwaona wakifunga buti la gari na mdomo wa Bi Sikudhani ukienda, ila nilichosikia ni tarumbeta tu.

Bendi na wapiga picha ndio waliotangulia kuondoka. Ndipo vuli ikaanguka. Haikudondoka, ilimwagwa, kama mtu amepindua pipa. Gari la Waziri lilikuwa likigeuza shambani, likaserereka kati ya mabua, magurudumu yakazunguka, yakazama hadi katikati. Lugome akapuliza filimbi.

"Njooni msukume! Wote!"

Tulisogea. Bi Sikudhani alifika wa kwanza, akasimama nyuma ya gari, kiganja chake juu ya buti. Hakusukuma.

"Tunasukuma nini?" aliuliza.

Waziri alishusha kioo kidogo. "Huoni gari limekwama kwenye tope?"

"Tope, Mheshimiwa? Tope litoke wapi, na mvua ya vuli haijazinduliwa?"

Kisha mmoja wetu akaondoa mkono kwenye gari. Na mwingine. Na mimi.

"Fungua buti, Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani. "Uizindue mvua hapa hapa kwa punje moja, sisi tupewe mbegu yetu, na gari litatoka. Litatoka hata kama ni kwa kubebwa."

Niliona Waziri anafikiri. Aliangalia pembeni kutafuta hema, utepe, wapiga picha. Hakuona hata kimoja. Na kiongozi anayezindua kitu bila kupigwa picha, kesho nani atamwamini?

"Mama huyu anaijua sheria," alisema hatimaye. "Mvua hakuna. Tope hakuna. Na gari halijakwama. Limeegeshwa."

Akashuka, akafunikwa miavuli mitatu ya kitu ambacho hakikuwepo, akafunga milango na kutia ufunguo mfukoni. Akaondoka na gari la Mkuu wa Wilaya, lililokuwa barabarani. Lugome akaachwa alinde mali ya serikali.

Bi Sikudhani alibaki amesimama, maji yakimshuka. "Ulimi umeniponza, Balozi," aliniambia. "Ningesukuma, labda ningemwomba vizuri."

Nilimwambia kwamba haikuwa kosa lake. Nilijikuta nina hasira, na kwa mtu wa cheo changu hilo ni jambo geni.

*

Mvua iliendelea, mvua nzuri, ya kupandia, ya kila mchana, ikiishia kwenye mashamba matupu. Ng'ambo walipanda tena. Magunia yetu ya zawadi yaliwafikia, na nasikia walikaa kikao kujadili kama tumerogwa.

Kila asubuhi Bi Sikudhani alikuja na wajukuu wake, akasimama nyuma ya gari. Lugome alikuwa chini ya turubai, bunduki magotini, naye amekonda kama sisi, kwa sababu mgambo nao hula.

"Shikamoo, mama," alikuwa akisema.

"Marahaba, baba. Wamepiga simu?"

"Bado, mama. Wanasema ufunguo uko safarini na Waziri."

Gari lilizidi kuzama kwa nyuma, na maji yakaanza kuingia kwenye buti. Asubuhi moja nilifuatana nao. Yule mjukuu mdogo ndiye aliyeona kwanza, akaonyesha kwa kidole. Kwenye mwanya wa buti, pale mpira ulipochakaa, palikuwa na ncha ya kijani. Pembeni yake nyingine. Tulipoinama tuliziona nyingi, nyembamba, zimejipinda zikitafuta jua. Mahindi ya Bi Sikudhani yalikuwa yameota humo humo, gizani, juu ya zulia la gari la Waziri wa Mvua, Umande na Ukungu.

Bi Sikudhani alipiga magoti kwenye kile ambacho si tope. Aligusa ncha moja kwa kidole.

"Yakitolewa leo na kutiwa ardhini yatashika," alisema. "Keshokutwa yamekufa." Kisha akaniinulia uso. "Eti Balozi, na haya nayo tungoje yazinduliwe?"

Nilimtazama Lugome. Lugome alinitazama, akaitazama ile kijani kwa muda mrefu, halafu akaigeuza bunduki yake na yeye mwenyewe akageuka, akawa analinda upande wa mto.

Nikaenda nyumbani kuchukua sururu.